Mashine Pepe

Pazia la sebule lilikuwa zito, la rangi ya damu ya mzee, na hakuna mtu aliyelifungua tangu Jumapili. Nje jua la saa nane mchana lilikuwa likiwaka kwa nguvu zake zote, lakini ndani ya chumba kile mwanga uliingia kwa kuchungulia tu, kama mgeni asiye na uhakika kama amealikwa. Inspekta alisimama nyuma ya kiti akiwa ameshika daftari lake. Hakutaka kuketi. Kiti kilichokuwa kitupu kilikuwa cha marehemu.

"Afande, naiamsha," alisema Waya.

Waya ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta pale kituoni, kijana wa miaka thelathini na ushee, mrefu, mwembamba, asiyecheka hovyo. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Diski ya asili ya kompyuta ile ilikuwa imefungiwa kituoni tangu Jumatatu, ndani ya bahasha yenye lakiri. Iliyokuwa ikizunguka sasa ni nakala yake kamili, ambayo Waya alikuwa ameirudisha ndani ya kasha lile lile, juu ya meza ile ile, kwa sababu Inspekta alisema: "Nataka niione ikifanya kazi pale pale ilipofanyia."

Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wa marehemu, mwanamke msusi wa nywele, amejifunga khanga kiunoni, macho yamemvimba. Hakuambiwa aingie wala hakuambiwa atoke.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wa darasa la nne, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, alitoweka Alhamisi, shule zikiwa likizo. Ijumaa alfajiri mumewe alikwenda kituoni kutoa taarifa. Jumapili asubuhi watu waliokwenda kuchota kokoto walimkuta Mwalimu anaelea kwenye dimbwi la machimbo ya mawe yaliyoachwa. Daktari aliyempasua alisema alikufa Alhamisi, kati ya asubuhi na jioni. "Zaidi ya hapo," alisema, "maji yamenificha."

Mumewe alikuwa mfamasia, na mtaa mzima ulimwita Dokta. Alhamisi hiyo aliingia dukani saa saba mchana na hakutoka mpaka saa tatu usiku. Wenzake wawili na wateja zaidi ya kumi walimwona. Na Jumapili mchana, machozi bado yanamtoka, alipiga simu mwenyewe kusema amekuta barua kwenye kompyuta ya nyumbani. Barua ya kuaga. Ilikuwa imehifadhiwa Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini alasiri.

Kama barua ile ni ya kweli, basi saa tisa na dakika arobaini Mwalimu alikuwa mzima, anaandika kwa mikono yake, na mumewe yuko nyuma ya kaunta anahesabu vidonge. Huo ndio ulikuwa ukuta. Kwa siku tatu Inspekta alikuwa ameuzunguka bila kuona ufa.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole. Kama unamweleza mama yako."

Waya alisogeza kipanya. "Kompyuta hii ni moja, afande. Lakini ndani yake kuna programu inayoigiza kompyuta nyingine. Unaimegea kumbukumbu kidogo, unaimegea nafasi ya diski, halafu unaisakinishia mfumo endeshi wake yenyewe, tofauti na huu wa nje. Ile ya ndani haijui kwamba iko ndani. Inajiona kompyuta kamili. Tunaiita mashine pepe."

"Mashine pepo?" aliuliza msusi kutoka mlangoni.

"Pepe, dada. Maana yake kitu unachokiona lakini hukishiki."

"Hata pepo hashikiki," alisema msusi, na hakuna aliyecheka.

Dirisha jeusi lilifunguka katikati ya skrini. Kwa kitambo lilikaa jeusi hivyo hivyo. Kisha, bila mlio, picha ikatokea: ukurasa mweupe, mistari michache ya maandishi, na baada ya nukta ya mwisho, kishale kinapepesa. Kinawaka, kinazimika. Kinawaka, kinazimika. Kama mtu aliyenyanyuka mara moja kwenda kufunga mlango na atarudi kuendelea.

Juu kulia kuliandikwa *Mwalimu*. Pembeni yake saa ilionyesha Alhamisi, saa tisa na dakika hamsini na mbili.

"Leo ni Jumatano," alisema Inspekta.

"Iligandishwa, afande. Aliyekuwa anaitumia hakuizima, aliisimamisha. Kwayo hakuna muda uliopita. Subiri."

Walisubiri. Saa ile ikasita, halafu ghafla ikaruka siku sita na kutua Jumatano, saa nane na robo. Msusi aliguna kama mtu aliyechomwa sindano. Inspekta alikunja daftari ili apate kitu cha kufanya.

Alisoma tena barua ambayo tayari aliijua kwa moyo.

*Mume wangu, unisamehe kwa yote. Nimechoka, na uchovu wangu hauna dawa hata dukani kwako. Mwambie mdogo wangu asinilaumu. Nguo zangu wapewe wenye haja. Usinitafute.*

"Si yeye," alisema msusi. "Nimeshasema na nitasema mpaka sauti inikauke. Dada hakuwahi kuniita mdogo wangu. Tangu nimezaliwa mimi ni Kitinda. Akiniandikia ujumbe, Kitinda. Akinigombeza, Kitinda."

"Nakuamini," Inspekta alimjibu. "Lakini hakimu ataniambia mtu aliyekata tamaa hubadilika hata lugha. Nipe kitu kisichobadilika. Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Saluni kwangu, mtaa wa pili hapo. Ningekuja kumwona, ila umeme ulikatika na wateja wakanibana, nikawa nakausha nywele za watu kwa jua."

Inspekta aliinua kichwa. "Ulikatika saa ngapi?"

"Saa nane kasoro. Ulirudi saa kumi na kidogo."

Waya na Inspekta walitazamana. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ya kuchomeka ukutani, siyo ya kubeba. Kama mtaa haukuwa na umeme tangu saa nane hadi saa kumi, nani aliandika barua saa tisa na dakika arobaini, na kwa kutumia nini? Inspekta alipiga simu shirika la umeme papo hapo, akajitambulisha, akasubiri, akaandika. Kweli. Laini ya mtaa huo ilizimwa kwa matengenezo, saa saba na dakika hamsini na tano hadi saa kumi na dakika sita.

Lakini alipokata simu alimkuta Waya amepiga magoti chini ya meza, ameinua kitambaa cha kufuma kilichoning'inia hadi sakafuni. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na kisanduku cheusi kizito kama tofali.

"Betri ya akiba," alisema kwa sauti ya mtu anayeleta msiba. "Umeme ukikatika, hii inashika."

"Kwa muda gani?"

Waya alinyoosha mkono akachomoa waya ukutani. Feni ya darini ilikuwa imezimwa, redio haikuwepo, na ghafla wote watatu wakatambua kwamba sauti pekee ndani ya chumba ilikuwa mvumo wa ile kompyuta, ambao haukubadilika hata kidogo. Kisanduku kilitoa mlio mmoja mfupi, kikanyamaza. Kwenye skrini kishale kiliendelea kupepesa baada ya neno *Usinitafute*.

Walikaa wakiitazama. Dakika kumi. Ishirini. Msusi alikwenda akarudi. Nusu saa ilipotimia kisanduku kilikuwa bado kinaonyesha taa tatu kati ya nne.

"Inaweza kudumu saa mbili nzima," alisema Waya. "Samahani, afande. Inawezekana kabisa."

Ukuta ukabaki ukuta. Safari hii Inspekta aliketi, kwenye kiti kile kile alichokuwa anakikwepa. Kutoka hapo aliweza kuona skrini kama alivyoiona mwandishi, yeyote aliyekuwa.

"Faili la mashine hii, huku nje, lina tarehe gani?"

"Jumapili. Dokta anasema aliinakili folda nzima kwa usalama baada ya kuikuta barua, na kunakili huzaa tarehe mpya. Halitusaidii wala halimdhuru. Huko ndani sasa, kila kitu kinakubaliana. Usakinishaji Alhamisi asubuhi, barua Alhamisi alasiri. Safi kabisa."

"Safi mno."

"Mashine mpya haina mambo ya nyuma, afande. Ungeandika barua kwenye kompyuta ya zamani ukairudisha saa nyuma, ingekusuta yenyewe. Ina miaka ya kumbukumbu. Hii ya ndani unaiambia leo ni Alhamisi, inakubali. Haina pa kuuliza."

Inspekta alifikiria watoto wake wawili na kabati la nyumbani, na bahasha ambayo hata moto ukizuka angeikimbilia kwanza.

"Mtoto akizaliwa," alisema taratibu, "hata kama wazazi watadanganya siku yake ya kuzaliwa, kliniki wanampa kadi. Kadi hiyo haiandikwi na mama wala baba. Hii haina kadi?"

Waya alifungua mdomo kusema hapana, akaufunga. Alivuta kompyuta yake ya mkononi, ambamo alikuwa na nakala nyingine ya mashine ile, akaanza kufungua folda moja ndani ya nyingine. Vidole vilikwenda haraka, kisha polepole, kisha vikasimama.

"Afande."

"Naam."

"Ili kusakinisha mfumo unahitaji faili la usakinishaji. Unalipakua kwa watengenezaji. Wao hutoa toleo jipya kila baada ya muda, na kila toleo wanaligonga muhuri wa siku walipolifunga. Mfumo ukishakaa, huhifadhi mstari mmoja unaosema nilitokana na toleo fulani, la tarehe fulani. Watu wengi hawajui kwamba mstari huo upo." Aligeuza skrini. "Hauandikwi na saa ya humu ndani. Mfumo umekuja nao kutoka kwa watengenezaji."

Inspekta alisoma mstari ule mara tatu. Kisha akamwambia Waya aingie kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe, aangalie siku waliyotangaza toleo lile. Waya aliangalia kwenye simu. Zililingana.

"Andika," alisema Inspekta. "Piga picha. Weka muda na sahihi yako. Halafu niitie Dokta."

* * *

Dokta aliingia kutoka barazani, ambako alikuwa akipokea watu wa rambirambi. Mikono yake ilikuwa laini, misafi, inanukia spiriti. Alimwamkia Inspekta kwa adabu, akamwambia shemeji yake aende apumzike, lakini msusi hakusogea mpaka Inspekta alipomwomba kwa macho. Alikwenda uani.

"Pole tena, Dokta. Nataka kufunga sehemu ya kompyuta ili nisikusumbue zaidi. Nieleze mara ya mwisho, kisha utaniandikia mwenyewe kwa mkono wako."

"Bila shida, mama. Alhamisi saa nne asubuhi, mimi na mke wangu tulikaa hapa. Alikuwa analalamika kompyuta yangu imejaa mambo ya dukani, naye anataka mahali pake pa kuandika mitihani. Nikamwambia nitakutengenezea yako ndani ya hii hii. Nikaumba mashine, nikaipa kumbukumbu, nikasakinisha mfumo mwingine. Ule uliuliza maswali, lugha gani, jina gani. Nenosiri alichagua mwenyewe. Mimi sikulitazama."

"Barua uliifunguaje bila nenosiri?"

"Aliigandisha barua ikiwa wazi. Nilifungua programu tu, nikaisoma kwenye picha yake ya nje bila kuiamsha."

"Faili la usakinishaji ulilitoa wapi? Ulikuwa nalo kwenye diski?"

"Hapana. Nilipakua asubuhi ile ile. Mimi huwa sichukui vitu vya zamani, nachukua toleo jipya. Baadaye nikalifuta, linakula nafasi."

"Baada ya Alhamisi uliisakinisha upya? Ulibadilisha? Uliboresha chochote?"

"Sijagusa. Mara moja tu, na tulikuwa wawili."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Inspekta alimsogezea karatasi. Dokta aliandika kwa makini, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akaweka sahihi. Inspekta alichukua karatasi, akaisoma, akaiweka juu ya daftari. Kisha akamwashiria Waya.

Skrini iligeuzwa. Dokta aliinama kuitazama kama anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

"Hiyo ni tarehe ambayo watengenezaji walifunga toleo ulilosakinisha," alisema Inspekta. "Ni ya siku gani?"

Dokta alirudi nyuma hatua moja.

"Ni Jumamosi, Dokta. Siku mbili baada ya mkeo kufa."

"Saa za kompyuta hukosea."

"Ya kwako ilikosea, kwa sababu uliikosesha. Hii haikuandikwa na saa yako. Iliandikwa kwao, nao hawakujui wala hawamjui Mwalimu. Ulitaka toleo jipya na ukalipata jipya." Sauti yake haikupanda. "Alhamisi saa tisa na dakika arobaini mashine hii haikuwepo duniani. Mkeo hakuweza kuandika humu, kwa kuwa humu hapakuwepo. Aliyekaa kwenye kiti hiki Jumamosi, akamwandikia marehemu barua, ni nani?"

Barazani mtu alikohoa. Dokta hakuwa akimtazama Inspekta tena. Alikuwa anatazama kishale.

"Mke wangu alileta boksi la dawa nyumbani," alisema mwishoni. "Mwanafunzi wake mmoja alilazwa, akapona kwa taabu. Dawa ilitoka kwetu. Alikwangua lebo kwa kucha, akaiona tarehe ya chini. Dawa zilikuwa zimeshapita muda wake. Nilikuwa nabandika mpya juu. Alhamisi asubuhi akaniambia anakwenda kwa mkaguzi wa dawa, na ameshavaa viatu." Alinyoosha mkono kuelekea jikoni. "Nilimsukuma tu. Pale, kwenye pembe ya mlango wa jikoni. Hakuamka tena. Nikamfungia chumbani, nikaenda kazini. Usiku ndipo nilipompeleka machimboni."

Waya alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimgusa bega, naye akaendelea.

"Na barua?"

"Jumamosi, jua linazama. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nilipoanza kuandika." Dokta aligeuka, na kwa mara ya kwanza Inspekta aliona kwamba mtu yule hakuwa ameogopa kukamatwa. Aliogopa kitu kingine. "Niliandika *asinilahumu*. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, haina h hapo. Sauti ya darasani, ile anayotumia akisahihisha madaftari. Nikageuka. Pazia tu. Nikafuta h. Nikaandika *wenye aja*. Akasema, hapo ndipo inapokaa h yako."

"Ulikuwa na hofu. Masikio hucheza."

"Nilisema hivyo hivyo. Lakini soma barua, Inspekta. Haina kosa hata moja. Mimi sijui kuandika bila makosa. Ulizia dukani, hata risiti wananiandikia wenzangu."

Inspekta hakutaka kutazama, lakini macho yalishuka yenyewe kwenye karatasi aliyokuwa ameishika, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. *Mimi na mke wangu tulika hapa. Nilipakuwa faili. Alichaguwa mwenyewe.* Mistari tisa, makosa saba. Kisha akatazama skrini, mistari mitano iliyonyooka kama imepita mikononi mwa mwalimu.

Alifanya kile alichojua kufanya. Alimsomea Dokta haki zake neno kwa neno, akaita askari waliokuwa kwenye gari, akahakikisha pingu zimefungwa mbele, siyo nyuma, kwa sababu mtu yule alikuwa anatetemeka na angeweza kuanguka. Waya alizima kompyuta. Alilazimika kubonyeza mara mbili.

Watu wa barazani walisimama wote Dokta alipopitishwa.

Inspekta alizunguka nyuma. Msusi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya uani, mbele yake beseni la vyombo vya matanga alivyokuwa ameacha kuviosha. Aliona sura ya Inspekta, akajua.

"Shemeji?"

"Ndiyo."

Msusi alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayekubali kitu alichokuwa amekibeba siku zote. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia tangu msiba uanze.

"Kwa hiyo hakuniaga."

Inspekta aliketi kando yake kwenye ngazi, sketi ya kazi ikigusa maji ya sabuni.

"Hakukuaga," alisema. "Hakuwa na mpango wa kwenda popote zaidi ya ofisi ya mkaguzi. Alikuwa arudi."

Hapo ndipo Kitinda aliposhika uso kwa mikono miwili yenye povu, akalia kwa sauti. Inspekta hakumwambia anyamaze.